Anasikia, Lakini Hashiki

Somo la vikundi: mtoto aliyepata kiharusi na shida ya kupambanua sauti



Katika mikutano yetu ya Kayole, Umoja na Dandora tumesikia wazazi wakirudia methali mbili: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" na "Sikio la kufa halisikii dawa." Ni methali za wazee na zina kazi yake. Lakini wako watoto ambao methali hizi zimewaumiza bure. Wanasikia sauti zetu vizuri, ila maneno hayawafikii yakiwa mazima. Somo la leo ni juu yao.

Somo hili linatosha kwa mikutano miwili. Kiongozi asome kisa kwa sauti, kisha kikundi kiongee kabla ya kuendelea na maelezo. Mchezo ulio katikati msiuruke.

KISA CHA KUANZIA

Tumebadilisha mambo machache ili familia isitambulike.

Kijana mmoja wa Kayole alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule ambao wengi mtaani huuita siko seli. Akiwa na miaka 9, aliamka asubuhi mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, na maneno hayatoki. Jirani mmoja alisema ni upepo mbaya. Mwingine alisema ni mkono wa mtu. Mama yake hakungoja mjadala uishe. Alimbeba mgongoni mpaka kwenye stendi ya matatu, akamfikisha hospitalini. Huko akaambiwa ni kiharusi.

"Kiharusi kwa mtoto?" alituuliza. "Si huo ni ugonjwa wa wazee wenye presha?"

Baada ya miezi kadhaa kijana alitembea tena, na maneno yakarudi. Kikundi kilichanga pesa za sare, tukamsindikiza shuleni, tukaona kazi imekwisha. Kumbe shida ya pili ndiyo ilikuwa inaanza.

Mama akimtuma kioski, "Leta sukari robo, majani ya chai na kiberiti," anarudi na kiberiti peke yake. Akiambiwa "fua shati," anavua lile alilovaa. Darasani mwalimu akisema "Fungueni ukurasa wa sitini," yeye anabaki akitazama daftari la jirani. Katika ripoti ya muhula mwalimu aliandika: "Hasikilizi. Ana kiburi."

Mama akampeleka kupimwa masikio. Majibu yalitoka kwamba masikio yote mawili ni mazima. Ile karatasi, badala ya kumsaidia, ikawa ushahidi dhidi yake. Mwalimu aliisoma akasema, "Basi ni ujeuri tu." Nyumbani fimbo ikaanza kutembea. Na sisi, lazima tukiri, hatukuwa bora. Mmoja wetu alimkalisha chini akamwonya juu ya utii kwa nusu saa nzima, katika chumba ambamo redio ilikuwa inalia.

Jibu lilikuja usiku mmoja stima ilipopotea. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa jirani alinyamaza, na televisheni za ploti nzima zikazimika. Nyanya yake kijana alikuwa amewatembelea kutoka upande wa ziwa. Alimketisha karibu, magoti kwa magoti, akamsimulia hadithi ya sungura na fisi kwa Kijaluo, polepole, kama wazee wanavyosimulia. Alipomaliza, kijana aliirudia yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi mama alikuja kwetu na swali. "Kama ni kiziwi, jana alisikiaje? Na kama ni mjeuri, mbona jana hakuwa mjeuri?"

Kabla ya kuendelea, kikundi kijadili: Je, sisi tungemjibu nini mama huyu?

1. SIKIO NI MLANGO, UBONGO NDIO MWENYE NYUMBA

Wengi wetu tunadhani kusikia ni kazi ya sikio peke yake. Kwa kweli sikio ni mlango. Linapokea sauti, linaigeuza kuwa ishara, na ishara hiyo inasafiri kwa mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Huko ubongoni ndiko sauti inapambanuliwa: hii ni ya nani, imetoka wapi, ni neno au ni kelele, ni "fua" au ni "vua". Kazi hii hufanyika kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mtu mzima wa afya haioni hata kama ni kazi.

Sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika pembeni mwa ubongo, juu kidogo ya masikio, upande wa kulia na upande wa kushoto. Kila sikio linapeleka habari pande zote mbili, lakini njia yenye nguvu zaidi huvuka kwenda upande wa pili. Yaani sikio la kulia hutegemea zaidi ubongo wa kushoto, na la kushoto hutegemea zaidi ubongo wa kulia. Tena kwa watu wengi ubongo wa kushoto ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya lugha.

Sasa tunaweza kuelewa ile karatasi ya kliniki. Kiharusi kikiumiza upande mmoja wa ubongo, mtoto kwa kawaida hawi kiziwi, kwa sababu upande wa pili bado unapokea sauti. Kipimo cha kawaida kinamweka mtoto mahali pa kimya, anavaa vifaa masikioni, naye anaonyesha kila anaposikia mlio mdogo. Kijana wetu aliisikia milio yote. Karatasi ilisema kweli, lakini ilijibu swali la mlango tu. Habari za ndani ya nyumba haikuulizwa.

Jambo hili madaktari wamelijua muda mrefu. Mwaka 1954 madaktari wa Italia, akiwemo Ettore Bocca, walieleza habari za wagonjwa waliokuwa na uvimbe upande mmoja wa ubongo. Kwa kipimo cha kawaida walisikia vizuri. Lakini walipopewa maneno ambayo sauti yake imefifishwa makusudi, walishindwa kuyatambua kwa sikio la upande ulio mkabala na uvimbe. Tangu hapo wataalamu wametengeneza vipimo vingine, kama kumpa mtu maneno mawili tofauti kwa wakati mmoja, moja kila sikio, au kumpa maneno katikati ya kelele.

2. KIHARUSI KWA MTOTO NI KITU GANI?

Kiharusi ni pale sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa sababu mshipa umeziba, au inapoumizwa na damu kwa sababu mshipa umepasuka. Sehemu hiyo huanza kufa kwa muda mfupi. Kwa wazee sababu kubwa ni presha. Kwa watoto sababu ni nyingine: ugonjwa wa selimundu, magonjwa ya moyo, maambukizi ya ubongo kama homa ya uti wa mgongo, au kuumia kichwa na shingo.

Hapa Eastlands selimundu inatugusa kwa namna ya pekee. Mwaka 1949 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba chembe ya selimundu ilikuwa nyingi kando ya Ziwa Victoria na pwani, na chache katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alitoa sababu: mtu aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa hiyo imedumu pale penye malaria nyingi. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Familia nyingi za Kaloleni, Jericho, Umoja na Kayole asili yao ni kando ya ziwa, magharibi au pwani. Wamekuja Nairobi na damu yao. Hakuna laana hapo, wala si kosa la mama peke yake, maana baba naye amechangia nusu.

Kwa mtoto mwenye selimundu chembe nyekundu za damu hubadilika umbo, zikawa kama mundu. Mishipa ya kichwani huharibika na kuwa myembamba, na damu inashindwa kupita. Hesabu za Marekani zilizotolewa mwaka 1998 zilionyesha kwamba, pasipo kinga, takriban mtoto mmoja katika kila kumi wenye aina kali ya ugonjwa huu alipata kiharusi kabla ya kufika miaka 20.

Kipo pia kiharusi cha kimya. Mtoto halegei mkono wala mdomo haupindi, lakini picha ya ubongo inaonyesha makovu madogo. Utafiti uliofanywa Marekani umeyakuta makovu haya kwa takriban robo ya watoto wenye aina kali ya selimundu kabla hawajafika miaka 6. Kwa hiyo mtoto mwenye selimundu anayeanza kushuka darasani asiitwe mvivu haraka. Aangaliwe kwanza.

3. DALILI ZA MTOTO ANAYESIKIA LAKINI HASHIKI

Tazameni mambo haya kwa mtoto aliyewahi kupata kiharusi, homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwa au ajali ya kichwa:

— Anaelewa vizuri mkiwa wawili mahali pa kimya, lakini anapotea penye kelele au watu wengi.
— Anauliza "Ati?" au "Umesema nini?" mara kwa mara, ingawa sauti ameisikia.
— Akipewa maagizo matatu anashika moja, mara nyingi lile la mwisho.
— Anachanganya maneno yanayokaribiana: fua na vua, pata na bata, soma na choma, sitini na sabini.
— Mtu akiongea haraka anachoka, anatazama pembeni au anaanza kuchezacheza.
— Akiitwa hajui sauti imetoka upande gani. Hili ni la hatari barabarani, maana honi ya matatu anaisikia lakini hajui akimbilie wapi.
— Anawatazama wenzake wafanye kwanza, kisha anawaiga.
— Jioni anarudi na kichwa kinauma, amechoka kuliko wenzake.

Dalili moja peke yake haitoshi. Tena kiharusi mara nyingi huharibu mambo kadhaa kwa pamoja: umakini, kumbukumbu, lugha yenyewe. Kuyatenganisha ni kazi ya mtaalamu. Kazi yetu ni kuona mapema na kuacha kupiga.

Kwa vijana wa miaka 13 na kuendelea dalili hujificha. Kijana hataki kuchekwa, kwa hiyo anaitikia "ndiyo" hata kama hakuelewa. Anaacha kwenda mpirani, anaacha kuimba kwaya, anakaa peke yake. Watu husema ni balehe. Huenda ni kweli, na huenda amechoka kukisia maneno.

4. MCHEZO WA KIKUNDI

Watu wanne wajitolee. Wa kwanza asimame mwisho wa chumba na kumsomea wa pili maagizo haya haraka, mara moja tu: "Chukua kalamu nyekundu, andika nambari kumi na saba nyuma ya karatasi, ikunje mara mbili, mpe mtu aliye karibu na dirisha." Wakati huohuo wa tatu apige sufuria, na wa nne asome gazeti kwa sauti karibu na sikio la yule wa pili. Wengine waongee mambo yao.

Akikosea, wote wamwambie: "Kwa nini husikilizi?"

Kisha rudieni upya. Nyamazeni, msomaji asogee karibu, atoe agizo moja moja, angoje. Mulizeni yule wa pili alijisikiaje mara ya kwanza, hasa alipokaripiwa. Mama mmoja wa Dandora alipocheza mchezo huu alikaa kimya kidogo, akasema: "Mimi nimekuwa nikipiga sufuria na fimbo pamoja."

5. APIMWE WAPI, NA NINI?

Hatua ya kwanza ni masikio yenyewe. Msiruke hatua hii kwa kudhani mnajua tayari. Selimundu inaweza kuharibu sikio la ndani, na homa ya uti wa mgongo vilevile. Nta au usaha nao huziba. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muombe barua ya kumwona mtaalamu wa masikio. Kwa wakazi wa Eastlands Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo ya karibu kwa wengi, na mambo makubwa hupelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta.

Masikio yakionekana mazima, msirudi nyumbani na jibu hilo tu. Mwambieni mtaalamu wazi: "Mtoto huyu alipata kiharusi. Penye kimya anaelewa, penye kelele haelewi." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanamfungulia mtaalamu njia. Vipimo vya kupambanua sauti kwa kawaida hufanywa kwa watoto wa kuanzia miaka 7, kwa sababu wadogo zaidi hawawezi kuvifuata.

Angalieni pia lugha. Mtoto wetu anaongea lugha ya nyumbani, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha shuleni. Akipimwa kwa maneno ya lugha asiyoizoea, atashindwa kwa sababu nyingine kabisa. Ombeni apimwe kwa lugha anayoielewa zaidi.

Kwa upande wa masomo, serikali ina vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalum. Huduma hiyo ilianzishwa Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoko Kasarani, ilianzishwa mwaka 1986, nayo ina kituo cha upimaji. Ripoti ya kituo kama hicho ina uzito kwa mwalimu mkuu. Baraza la Mitihani huweza kumpa mtahiniwa mwenye ulemavu muda wa ziada, lakini maombi hupitia shuleni na hutaka ushahidi. Msingoje mwaka wa mtihani.

6. MAMBO YASIYO NA GHARAMA

Ubongo wa mtoto una uwezo wa kujifunza njia mpya, ila unahitaji muda na mazoezi. Mwaka 2017 watafiti wa London walieleza habari za watu wazima waliopata kiharusi wakabaki na shida hii. Walitumia kifaa ambacho msemaji anavaa kipaza sauti kidogo na msikilizaji anapata sauti moja kwa moja sikioni. Kiliwasaidia kuelewa maneno penye kelele. Kifaa hicho ni ghali, lakini siri yake ni rahisi: sauti ya msemaji iwe karibu, na kelele ziwe mbali. Siri hiyo tunaweza kuitumia bila pesa.

Nyumbani:
— Mwite jina kwanza. Ngoja akutazame, ndipo useme.
— Sogea karibu badala ya kupaza sauti kutoka jikoni. Kelele ya mzazi nayo ni kelele.
— Toa agizo moja. Likiisha, toa la pili.
— Sema polepole, kwa lugha anayoielewa zaidi.
— Mwambie arudie ulichosema kwa maneno yake. "Umeelewa?" haitoshi, maana atajibu ndiyo.
— Akitumwa dukani, mwandikie au mchoree.
— Zima redio saa ya kazi ya shule, hata kama ni nusu saa.
— Msomee au msimulie hadithi kila siku, kisha mcheze michezo ya maneno yanayofanana, kwanza penye kimya, baadaye penye kelele kidogo.

Shuleni, tumwombe mwalimu kwa heshima. Darasa la mabati lenye watoto wengi ni mzigo kwake pia, na mvua ikinyesha hakuna anayesikia. Mambo ya kumwomba ni machache:
— Akae mbele, mbali na dirisha la barabarani na mlango.
— Mwalimu asiongee akiwa amegeukia ubao.
— Kazi ya nyumbani na kurasa ziandikwe ubaoni.
— Awe na rafiki mmoja wa kumwonyesha pale alipopotea.
— Aongezewe muda wa kujibu.

Fimbo shuleni imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Na hata nyumbani haiwezi kufundisha ubongo kupambanua sauti. Mtoto mwenye hofu anashika maneno machache zaidi.

Kikundi kinaweza kufanya yale ambayo mzazi mmoja hawezi. Ukumbi unaokaa bure jioni unaweza kuwa mahali pa kimya pa watoto kufanya kazi za shule. Mfuko wa merry-go-round unaweza kutenga nauli ya kliniki. Na mtu mmoja amsindikize mzazi shuleni. Tumeona mara nyingi mama akienda peke yake anaambiwa maneno, wakienda wawili wanapewa viti.

7. KIHARUSI CHA PILI

Hapa ndipo hatari kubwa iko. Mtoto mwenye selimundu aliyepata kiharusi kimoja, asipopewa kinga, yuko katika hatari kubwa ya kupata kingine. Zamani zaidi ya nusu yao walikipata, na kila kiharusi kinachukua kipande kingine cha ubongo. Mazoezi yote ya sehemu ya 6 yanaweza kufutwa kwa asubuhi moja.

Kinga ipo. Mwaka 1998 utafiti wa Marekani uliojulikana kwa jina STOP ulionyesha kwamba kipimo cha mwendo wa damu kichwani, kinachotumia mawimbi ya sauti na hakina maumivu, kinaweza kuwatambua watoto walio katika hatari kabla ya kiharusi. Waliotambuliwa na kuongezewa damu mara kwa mara, kiharusi kilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Wanaopimwa ni watoto wa miaka 2 hadi 16. Ulizeni kliniki yenu kuhusu kipimo hiki.

Kuna pia dawa ya kumeza kila siku inayoitwa haidroksiurea. Kilifi ilikuwa moja ya vituo vinne vya Afrika, pamoja na Mbale huko Uganda, Kinshasa na Luanda, ambako dawa hii ilijaribiwa kwa watoto 606. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, mahitaji ya damu yamepungua, na vifo vimepungua. Dawa hii inataka daktari na kupimwa damu mara kwa mara. Mzazi asiianzishe wala kuisimamisha kwa ushauri wa jirani. Kwa mtoto ambaye tayari amepata kiharusi, daktari ndiye atakayesema kama ni damu, ni dawa, au vyote viwili.

Kuhusu malipo, kumbukeni kwamba NHIF haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 nafasi yake imechukuliwa na SHA. Hakikisheni familia imeandikishwa kabla ya ugonjwa kuja, na ulizeni hospitalini ni huduma gani zinalipiwa.

Kila mwanakikundi ajue dalili za kiharusi kwa mtoto: kulegea kwa ghafla upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kukwama, kutoona vizuri, kichwa kuuma vikali kuliko kawaida, au kifafa kwa mtoto asiyekuwa nacho. Hata zikiisha baada ya dakika chache, ni hospitali saa hiyohiyo. Angalieni saa dalili zilipoanza. Msimpe chakula, kinywaji wala dawa ya dukani, kwa sababu anaweza kupaliwa. Akiwa na kifafa, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Na mkifika semeni neno la kwanza kabisa: "Ana selimundu."

KISA KINAVYOENDELEA

Kijana wetu bado hajapona kabisa, na pengine sehemu ya shida hii itabaki. Alipimwa upya na mtaalamu aliyeelezwa habari za kiharusi na za ule usiku wa giza. Ikaonekana sikio la kulia hushindwa maneno mawili yanapokuja pamoja. Mama alipeleka ripoti shuleni akiwa na wanakikundi wawili. Mwalimu aliisoma mara mbili, akasema, "Nilidhani ananidharau." Kijana akahamishwa dawati la mbele. Anakunywa dawa yake kila siku, na kliniki hakosi.

Yule mmoja wetu aliyemwonya kwa nusu saa alirudi nyumbani kwao. Alizima redio kwanza, akakaa karibu, akasema maneno mawili tu: "Tulikukosea, mwanangu." Kijana aliyashika yote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wetu yuko mtoto anayeitwa "kichwa ngumu" ambaye aliwahi kuugua sana? Tunajua nini juu yake, na nini tunakisia tu?
2. Ni kelele gani nyumbani mwetu tunazoweza kupunguza kwa nusu saa kila jioni?
3. Nani kati yetu ana mtoto mwenye selimundu? Je, kliniki imewahi kumwambia habari za kipimo cha mwendo wa damu kichwani?
4. Ukumbi gani wa karibu unaweza kuwa mahali pa kimya, na nani atashika ufunguo?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja ajaribu kwa siku saba kumwita mtoto jina, kungoja atazame, kisha kutoa agizo moja tu. Mje mtueleze mlichokiona. Yaandikeni pia, maana yale mnayoyaona huko majumbani ndiyo yatakayotusaidia kuandaa somo lijalo.